Nilisoma mwito wa hatari kwenye manyetofone, vilima vikaupokea

Wakuu, nawasalimu nyote, wasikilizaji na nyie mnaopita kimya kimya bila kusema neno.

Siku tatu sasa nafuata ule uzi wenu wa kubishana nani anasoma vizuri vitabu vya sauti vya sayansi ya kubuni. Jana mmoja wenu akaandika kwamba msimuliaji bora ni yule anayekutia hofu ya kweli.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Nikachemsha chai, nikanywa, nikarudi. Nimeona nikinyamaza nitakuwa nimewadanganya.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Masisi, Kivu ya Kaskazini. Mjukuu wangu aliniwekea app kwenye simu, nasikiliza habari za sayari na mashine huku nachambua maharage. Nazipenda, msinicheke. Na wasomaji nawahukumu bila huruma: kuna yule anayemeza mwisho wa kila sentensi, kuna yule ambaye akifika kwenye sauti ya mwanamke anatoa sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango.

Lakini msomaji akianza kupiga mayowe ya hatari, nazima. Hata hadithi iwe imefika patamu vipi.

Sababu ndiyo hii naileta. Sijaongeza chumvi, na sehemu mbaya ni yangu mwenyewe.

Twende.

Katikati ya miaka ya sitini nilikuwa na miaka kumi na sita, nasoma shule moja iliyokuwa juu ya kilima, upande wa Masisi ambako ardhi inaanza kushuka kuelekea msitu wa Walikale. Jina la shule nabaki nalo.

Ilikuwa miaka ya wasiwasi. Siasa siingii, wenye kujua wanajua. Kwetu kila nyumba ilikuwa na mzigo uliofungwa tayari nyuma ya mlango: sufuria, chumvi, blanketi. Ukisikia mbwa anabweka zaidi ya kawaida, macho yote yanaenda kwenye ule mzigo.

Sasa nyie wa tambarare lazima niwaeleze kitu kimoja, la sivyo mtapotea.

Kwetu kilima kinaita kilima. Simu hakuna, barabara tope, lakini mtu akisimama ukingoni akaweka viganja mdomoni, habari inavuka bonde kwa pumzi moja. Kuna mwito wa msiba, kuna mwito wa ng'ombe aliyepotea. Na kuna mwito wa hatari, ambao una mlio wake: unaanza juu, unataja mara mbili mahali hatari ilipo, halafu unashuka polepole mpaka unakatika.

Ukiusikia huo, hukimbii kwanza. Unaupitisha kwanza kwa kilima kinachofuata, ndipo unakimbia. Na kama ni uongo, anayeweza kuurudisha ni sauti ileile iliyoutoa. Sauti nyingine ikisema "rudini nyumbani," watu hawarudi, maana adui naye ana mdomo.

Mtoto wa kwetu anafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kuhesabu. Mwito wa hatari hauchezewi.

Mwalimu wetu, Mwalimu Anselme, hakuwa mtu wa vilima. Alitoka ndani huko Walikale, msituni, ambako habari walipeleka kwa ngoma. Kijana mwembamba, mpenda vitabu hadi anasahau kula. Alikuwa ameandika mwenyewe hadithi kwa Kiswahili: mwaka elfu mbili, nyumba ya chuma inashuka kutoka nyota na kutua kwenye shule ya kilimani, ndani yake wamo watu wasio na midomo.

(Mwaka elfu mbili ulipofika nilikuwa napalilia mihogo. Niliangalia juu mara mbili tatu, nisiseme uongo.)

Mwalimu aliazima manyetofone ya misheni, lile sanduku la magurudumu mawili yanayozungusha bande, yaani utepe, na kushika sauti. Alitaka siku ya wazazi waje wasikie hadithi inasomwa na mashine. Na msomaji akanichagua mimi, kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa safi kuliko cha wenzangu.

Nikasoma. Akarudisha bande, akatuchezea, akaambia darasa litoe hukumu.

Jamani, walinichana! Mmoja akasema nakimbia. Mwingine akasema watu wa nyota wanaongea kama katekista. Mwalimu mwenyewe akamalizia: "Odila, unasoma sawa muntu anaita liste ya presence. Bale bantu banashuka toka mbinguni, weye hauko na woga hata kidogo?"

Yaani nasoma kama mtu anayeita majina ya mahudhurio. Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa na kiburi, wakuu. Kile kicheko kilinichoma siku mbili.

Kwenye hadithi kulikuwa na pahali ambapo msichana anaona nyumba ya chuma inatua. Mwalimu alikuwa ameandika tu, "Msichana akaita watu wake." Hakuandika aliitaje.

Mimi nilijua anavyopaswa kuita.

Tulirudia kurekodi kwenye stoo, katikati ya magunia ya maharage, mlango umefungwa. Nilipofika pale kwa msichana, nikasogeza mdomo kwenye chombo na kutoa mwito wa hatari wenyewe. Niliutoa kwa nusu sauti, asisikie mtu wa nje, lakini mlio wote ulikuwamo: "Banashuka! Banashuka ku shule! Banashuka ku shule!" Kisha nikaushusha mpaka ukakatika, kama nilivyofundishwa.

Nilijua ni mwiko. Nikajiambia nusu sauti si mwito.

Mwalimu aliruka. "Njo hivi! Njo hivi, Odila! Sasa inakamata roho!"

Nililala nikitabasamu. Hilo nalo naliandika, lijulikane.

Alhamisi alasiri Mwalimu akaunganisha kipaza sauti cha misheni kujaribu kabla ya siku ya wazazi. Ndani ya darasa kilipiga miluzi ya kuumiza masikio, basi akakiweka dirishani, mdomo ukitazama nje bondeni.

Nje ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Ule ukungu wa kwetu ambao ukinyoosha mkono hauoni vidole. Upande wa pili wa bonde mama yangu na wenzake walikuwa wanapalilia maharage.

Bande ikazunguka. Nikajisikia nasoma, na nilikuwa nasoma vizuri kweli. Wenzangu walikuwa wamesogea karibu na mashine. Ukafika ule mwito, na kile kipaza sauti hakikuutoa kwa nusu sauti. Kiliutoa kwa sauti ya watu ishirini.

Sekunde moja nzima niliona fahari.

Halafu kutoka kwenye ukungu, ng'ambo ya bonde, mwanaume akaitika: "Banashuka ku shule! Banashuka ku shule!"

Na nyuma yake mwingine, mbali zaidi. Na mwingine, sauti nyembamba kama uzi.

Mwalimu Anselme alikuwa anacheka kwa furaha. "Musikie! Banatuitikia!" Alidhani wanatupigia makofi.

Darasa halikucheka. Watoto waliruka madirishani kama kuku walioona kicheche. Na mimi niliyejua, mimi niliyetoa ule mwito kwa mdomo wangu, nilitaka kukimbia pia. Mwili haukuniuliza. Nilijibanza ukutani kitambo kirefu, nikiangalia mlangoni kuona nani anaingia.

Hofu ya namna hiyo sijawahi kuisoma kwenye kitabu chochote.

Nilitoka hadi ukingoni kuurudisha mwito. Nikaweka viganja mdomoni. Kikatoka kikohozi. Nikajaribu tena, sauti ikapasuka. Mara ya tatu ndipo ikatoka: hakuna kitu, rudini, ni mimi Odila, ni mimi.

Hakuitika mtu. Chini kwenye ukungu nilisikia ng'ombe wanakimbia, mwanamke analia jina la mtoto, vyungu vinavunjika. Sikuona chochote. Nilisikia tu kazi yangu.

Nikakimbia nyumbani kwa njia kubwa inayozungukia darajani. Nyumba ilikuwa wazi. Sufuria ilikuwa bado motoni. Na ule mzigo ulikuwa palepale nyuma ya mlango, haujaguswa.

Baba alinikuta nimesimama nauangalia.

"Mama yako iko wapi?"

"Hakuko na weye, Papa?"

Akatoka nje. Mvua ikaanza.

Usiku ule nauruka, wakuu, mnisamehe.

Asubuhi watu walianza kurudi kutoka msituni, wameloa, wamepasuka miguu. Wengine walikuwa wameusikia mwito wangu wa kurudisha, lakini sauti yangu iliyopasuka haikufanana na ile ya kipaza sauti, hawakuuamini mpaka kulipokucha. Shangazi alirudi akiwa amembeba mgongoni mdogo wangu Furaha, mtoto wa miezi saba.

Mama hakuwepo.

"Alinipa huyu mutoto mu shamba," shangazi akasema. "Aliniambia, 'Shika,' akageuka. Nilizani anarudia muzigo."

Lakini mzigo haukuwa umeguswa.

Wanaume wakagawana msitu, wakaingia kutafuta. Nilitaka kufuata, mzee mmoja akaniambia, "Weye bakia. Umeshaita ya kutosha." Hakupaza sauti. Heri angenipiga.

Jua likafika katikati, hakuna kitu. Nilikuwa nimeanza kuhesabu mambo ambayo mtoto hapaswi kuhesabu: nani atamnyonyesha Furaha, baba atanitazamaje mezani. Sikuweza kukaa. Nikapanda tena mpaka ukingo wa shule, kwa sababu ndipo pa juu kuliko pote, nikageukia msitu, nikaita. Si mwito wowote wa desturi. Niliita tu, "Mamaaa!"

Nikasikiliza.

Sauti ikaitika nyuma yangu.

Haikutoka msituni. Ilitoka chini ya shule, kwenye korongo la njia ya mkato ile inayopanda kutoka mashambani. Nilishuka kwa matako. Alikuwa amelala kwenye mawe, tope hadi shingoni, mguu umegeuka upande usio wake. Alikuwa ameteleza kwenye ukungu jana yake, alasiri, hatua mia hivi kutoka darasani kwetu.

Midomo ilikuwa ya buluu kwa baridi. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Furaha alinyonya?"

Nikamwambia yuko kwa shangazi, mzima. Akafumba macho.

"Nilisikia unarudisha mwito," akasema. "Niliitika. Ulikuwa umeshakimbia."

Nikalia mpaka nikashindwa kupumua. Nikamuuliza: "Mama, mwito ulisema banashuka ku shule. Bantu boote balikimbia mbali na shule. Weye ulikuya huku kufanya nini?"

Akaniangalia kama nimemuuliza swali la mjinga.

"Nilijua ni sauti yako, Odila. Banashuka kwenye weye uko. Sasa mimi nikimbie niende wapi?"

Walimbeba kwenye kipoyi, machela ya miti, hadi zahanati, na mti wa mbele aliushika Mwalimu Anselme, kwenda na kurudi, bila kukubali kupokelewa. Bande aliikata vipande mbele ya wazee. Hakuna aliyemfukuza, lakini muhula ulipoisha alirudi kwao Walikale.

Mimi wazee walinihukumu niende kilima kwa kilima, vyote vilivyopokea mwito, nisimame mbele ya watu niseme kwa mdomo wangu kwamba ni mimi. Vilima saba. Kwenye cha nne bibi mmoja alinitemea mate miguuni, kisha akanipa viazi vya njiani.

Mguu wa mama uliunga vibaya. Alichechemea hadi alipozikwa. Hakunisema hata siku moja, na mimi kila nilipomwona anashuka kwenda mtoni akishika majani asianguke, nilikuwa nasikia ile bande inazunguka.

Nilichojifunza ni hiki. Kutisha watu si ufundi. Hata mtoto wa miaka kumi na sita mwenye kiburi anaweza. Nikimsikiliza msomaji sasa, siulizi kama amenitia hofu. Nauliza kama anajali aliyeko upande wa pili wa ukungu, maana huko huwa kuna mtu ambaye haisikii hadithi kabisa. Anakusikia wewe.

Uwanja ni wenu. Wasimuliaji mnaowapenda nitajieni, nina maharage mengi ya kuchambua, na mkitaka kunilaumu, laumuni, nimeshazoea vilima saba. Ila kila atakayeandika hapa chini anijibu na hili: ni sauti ya nani ambayo ukiisikia inaita kutoka kwenye hatari, utaacha wote wakimbie, wewe uifuate?