Siku Niliyong'oa Mlango wa Nyumba Yangu Mwenyewe

Kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na nikiikumbuka moyo unanidunda mpaka leo. Ni siku niliyokwenda mtaa wa Sparkhill asubuhi, bisibisi mkobani, kung'oa mlango wa nyumba yangu mwenyewe. Sasa kwa kuwa umekabidhiwa funguo za nyumba ya marehemu mama yako kule Kings Heath, na nasikia unatafuta mpangaji, kaa hapa nikusimulie. Chai ipo.

Usidhani nilikuwa msichana. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili! Lakini katika kazi ya kupangisha nyumba nilikuwa mtoto mchanga, sijamaliza hata mwaka, na akili yangu ilikuwa ya umri huo huo. Nilikuwa nimeendesha basi mji huu miaka mingi, mwenyewe nikiishi kwenye fleti ya kupanga ya halmashauri ya mji, kule Shard End, mpaka benki ikanikopesha nikanunua kile kijumba cha vyumba viwili karibu na Stratford Road. Siku niliyopewa funguo nilipiga vigelegele barabarani, watu wakachungulia madirishani. Mimi, niliyelelewa kwenye chumba kimoja cha kupanga Nakuru, nina nyumba Uingereza!

Mpangaji wangu alikuwa Baba Furaha, Mkongo wa Bukavu, mpishi wa hoteli, pamoja na mkewe na watoto watatu. Mtu mpole, analipa kabla ya siku. Kisha ikaja korona. Mji ukafungwa, na serikali ikatangaza kwamba kwa sasa hakuna mpangaji atakayetolewa nyumbani, hata kama hajalipa. Mwezi wa kwanza Baba Furaha hakulipa. Wa pili vilevile, na simu akawa hashiki. Benki nayo ilikuwa inangoja malipo yake kwangu. Nikishindwa, nyumba inakwenda, na jasho langu lote pamoja nayo. Nikawa naendesha basi tupu huku naongea peke yangu kwa hasira.

Ndipo likanijia wazo, na wazo lenyewe lilinifurahisha mno! Kule Nakuru nilikokulia, mpangaji asiyelipa hakupelekwa mahakamani. Mwenye nyumba alikuja na fundi, akang'oa mlango, akaondoka nao. Wewe baki ndani ukipenda, na upepo, na macho ya majirani. Siku mbili haziishi, mtu kahama mwenyewe. Nikajiambia: serikali imekataza kumtoa mtu, haijakataza kutoa mlango. Nilijiona wakili kabisa! Sikujua kwamba huku jambo hilo ni kosa, na lingeweza kunifikisha mbele ya hakimu. Sikujua kwa sababu sikumuuliza mtu, na sikumuuliza mtu kwa sababu niliogopa atanikataza.

Nilifika saa nne asubuhi, barabara kimya. Nikagonga. Baba Furaha akafungua, akaniona na barakoa na bisibisi, akarudi nyuma kunipisha.

"Aksanti sana, Mama," akasema. "Huu mulango ulikuwa unakwama."

Maskini, alidhani nimekuja kuutengeneza. Hapo ungetegemea nione haya. Wapi! Nikapiga magoti nikaanza na bawaba ya chini, nikapanda stuli nikahamia ya juu. Skrubu ya mwisho ilipotoka, mlango mzima ukanijia, nikashuka stulini nao. Baba Furaha akaruka akaudaka. Tukabaki tumeushika, yeye upande ule mimi huku, pua kwa pua, na ile amri ya kukaa mita mbili tumeshaisahau. Mzito ajabu! Nikiuachia, unavunja mguu wangu. Akiuachia yeye, unanilaza chali.

"Usiwachie, Mama. Tuuweke pole pole."

"Siuweki! Naenda nao! Rent yangu iko wapi? Na mbona hushiki simu?"

Akainamisha uso nyuma ya mlango. "Hoteli ilifunga, Mama. Patron, mukubwa wa kazi, alisemaka atatuita, mpaka leo hajaita. Simu yako inalia, mimi naiangalia tu. Niliona haya kukuambia sina kitu."

Ng'ambo ya barabara alikaa Mzee Yusuf, Msomali aliyekulia Eastleigh, mtu wa miaka karibu themanini, aliyewahi kupangisha vyumba vyake huko Nairobi. Kumbe alikuwa amesimama mlangoni kwake na fimbo, ameona sinema nzima. Akapaza sauti mtaa wote usikie.

"Habiba! Huo mlango unaupeleka wapi?"

"Mzee, huyu halipi! Kwetu si ndivyo tunafanya?"

"Kwetu ukitoa mlango, mtu anaenda kulala kwa ndugu yake. Hapa leo atalala kwa nani? Tangu hii lockdown ianze nani amefungulia mwingine? Mimi watoto wangu mwenyewe wananisalimia kwa dirisha!"

Mzee hakuishia hapo.

"Na wewe, hao watu wa bank umewapigia ukawaambia hali yako?"

Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sikuwa nimewapigia. Barua zao mbili zilikuwa kwenye droo, sijazifungua, kwa sababu niliona haya. Haya ile ile ya Baba Furaha! Na huku nimekumbatia mlango wake, namwita mwizi moyoni.

"Rudisheni huo mlango," Mzee akasema. "Halafu kila mtu apige simu yake nikiwaona."

Tukaurudisha, Baba Furaha akiushikilia, mimi nikikaza skrubu. Kisha mimi nikaketi kwenye ukuta mdogo wa mbele, yeye kizingitini, simu masikioni, na Mzee akitusimamia kama mwalimu wa mtihani. Benki wakaniambia naweza kusimamisha malipo miezi mitatu. Miezi mitatu! Nilipiga kelele mpaka yule binti wa benki akacheka. Kiingereza kilipomkwama Baba Furaha, nilichukua simu yake nikamsemea kwa watu wa misaada ya serikali, yeye akinitajia jina la mkewe, majina ya watoto, mpaka siku zao za kuzaliwa. Baada ya wiki kadhaa kodi ikaanza kuingia. Haikuwa yote, na kuna sehemu niliisamehe. Lakini nyumba ninayo, na yeye yumo ndani yake mpaka leo.

Basi nasaha yangu ni hii. Mpangaji wako akinyamaza, usimtungie maneno kichwani mwako. Nenda kamuulize, na uende mikono mitupu, bila bisibisi. Kabla hujaenda, piga kwanza ile simu unayoiogopa wewe. Na ukipata wazo tamu mpaka unaogopa kumwambia mtu mzima, jua hilo si wazo, ni balaa.

Mungu akubarikie nyumba ya mama yako, mwanangu. Akupe wapangaji wema na moyo wa kukaa nao. Na siku ikifika huna kitu, akukutanishe na mtu atakayekuuliza umepatwa na nini, kabla hajakuuliza kodi iko wapi.