Friji la Mabruki Lafukizwa Ubani

Wenzangu wa baraza, leo jirani yangu Mabruki amelifukiza friji lake ubani.
Someni polepole, msije mkapaliwa na kahawa.

Mnajua tangu anunue lile sanduku la umeme, mtungi wake wa maji aliutupia uani kwangu. Eti mambo ya kizamani. Mimi nikauokota, nikaujaza maji.

Leo wazee wa Magomeni walikuwa wanakuja kumposa binti yake. Mkewe akamwambia, "Baba Zuhura, maji ya friji hayanukii. Wageni watatuona hatuna adabu."
Basi mwanamume akatia makaa na ubani kwenye chetezo, akakisukuma ndani ya friji pembeni ya jagi la maji, akafunga mlango. Ndivyo alivyozoea kuufukiza mtungi.

Mpira wa mlango ukayeyuka.

Wazee wakafika, wakapewa maji. Mmoja akapiga funda, akaiweka bilauri chini. "Bwana, maji haya mmechota gereji?"

Mabruki jasho linamtoka, posa inamponyoka. Mkewe akaja mbio kwangu, akachota maji kwenye mtungi wao wenyewe. Wazee wakanywa, wakaomba tena.

"Binti tumempenda," akasema yule mzee. "Ila aje na mtungi uliotoa maji haya."

Sasa hivi Mabruki yuko mlangoni kwangu, kavaa kanzu, anaomba mtungi.
Nimemwambia akalete wazee. Posa haiji na mtu mmoja.

Nimtajie mahari gani? Andikeni hapa chini, penseli nimeifunga kwa uzi.
Friji silitaki.