Msumari kwenye Kibanda cha Mme Nthofeela

Siku ya kwanza tuliyokutana, Mme Nthofeela, na mme kwa Kisotho chetu ni mama, alinishinda kwenye kazi yangu mwenyewe. Mimi nauza milango na madirisha yaliyong'olewa kwenye majengo yanayobomolewa. Nilianza na toroli moja hapa Botshabelo, huu ni mwaka wa thelathini, na wanaoweza kupatana bei na mimi nawahesabu kwa vidole. Yeye alitaka mlango wa chuma. Hata hakuutazama. Alikaa juu ya ndoo yangu ya rangi akaanza kunipa pole kwa jinsi mvua ilivyoipiga mali yangu mwezi mzima, na mwisho wa pole hizo akaondoka na mlango, fremu yake, na bawaba mbili ambazo hazikuwa kwenye mazungumzo.

Anauza magwinya, yale maandazi makubwa ya mafuta, pamoja na miguu ya kuku ya kuchemsha, kwenye kibanda nje ya lango la kliniki. Alikuwa na miaka hamsini na sita alipokuja klabuni.

Klabu yetu ya mbio si ya vijana. Vijana wana mpira. Sisi ni watu ambao kila mmoja aliambiwa kitu na nesi. Mimi niliambiwa presha nikiwa na arobaini na tisa. Kila Jumanne jioni tunakimbia kilomita nne, muda wa kila mtu unaandikwa ubaoni, na kwenye fulana tunabandika kibandiko cha umri, arobaini, hamsini au sitini, mbele na nyuma, ili anayekupita ajue amempita nani. Mme Nthofeela alipopewa hamsini akakigeuzageuza, akauliza kama cha thelathini kimeisha.

Ntate Phehello, yaani baba Phehello, mwenyekiti wetu, ni askari magereza mstaafu, na humuuliza kila mgeni sababu iliyomleta. Wengi husema kitambi. Mme Nthofeela alisema, "Nataka nizikwe na miguu yote miwili." Sukari ilikuwa imemkata dada yake mguu mmoja, kisha wa pili, kisha ikammaliza, na raba alizovaa jioni ile zilikuwa za huyo dada. Ntate Phehello aliandika neno moja kwenye daftari lake: Miguu.

Mme Nthofeela alimaliza kilomita zile nne giza likianza kuingia, wa mwisho, akitembea.

"Mme, tulikuwa tunajiandaa kutangaza msiba," Ntate Phehello akamwambia.

"Tangazeni tu. Magwinya ya matanga nitawauzia mimi."

Kwetu mtu wa nyuma hakimbii peke yake. Kwenye mbio ndefu wale wa polepole hujikusanya wakaitwa basi, na anayewaongoza ni dereva. Dereva ndiye anayeshika saa, anaanzisha nyimbo, anasema sasa tunakimbia, sasa tunatembea. Sisi tunahesabu nguzo za umeme, nne mbio, moja mwendo, hivyo hivyo mpaka mwisho. Dereva ana kazi moja tu, kuwaingiza watu wake kabla ya bunduki ya mwisho. Dereva wa klabu yetu nilikuwa mimi, Tshokolo, kwa miaka tisa. Na kwenye basi langu ilikuwa marufuku mtu mwingine kuvaa saa, maana nilishaona abiria wenye saa wanavyobishana na dereva mpaka wote wanachelewa.

Mbio zetu kubwa ni za Mlima Mweusi, kule Thaba Nchu, kilomita arobaini na mbili na kipande, na unapewa muda wa saa sita. Saa sita zikitimia, mwamuzi anasimama kwenye mstari wa mwisho akiwa amewapa mgongo wanaokuja, asije akaona uso wa mtu akamwonea huruma, anapiga bunduki juu, na lango linafungwa. Ukifika sekunde moja baadaye huna medali, na jina lako haliandikwi. Lakini ukimaliza mara kumi, namba yako inakuwa yako mpaka kufa. Inachapwa kwa rangi nyekundu iliyoiva, na hakuna mwingine atakayeivaa tena. Nilikuwa na mara tisa.

Mwaka wake wa kwanza Mme Nthofeela aliokotwa na gari la waamuzi kilomita ya thelathini na sita. Majira yote ya baridi yaliyofuata alinifuata nyuma kwenye barafu ya alfajiri, akipumua kama pampu ya baiskeli, na nilimwahidi kwa kinywa changu kwamba akikaa kwenye visigino vyangu ataingia. Wiki moja kabla ya mbio, alipigilia msumari kwenye nguzo ya kibanda chake, juu ya karai la mafuta.

Nikamuuliza wa nini.

"Wa medali. Hawa wa foleni ya sukari nao wananiuliza. Nawaambia subirini muone."

Wanawake wawili wa foleni ile walikuwa wameanza kuzunguka ukuta wa kliniki kila asubuhi kabla dirisha la dawa halijafunguliwa, kwa sababu tu walimwona mtu mwenye ugonjwa wao anatoka jasho kwa hiari yake.

Sasa nije kwenye saa. Muda wa saa sita unahesabiwa tangu bunduki ya kuanzia inapolia. Basi linasimama nyuma ya umati wote, na mimi kwa miaka tisa nilikuwa nawasha saa yangu pale tunapovuka mstari wa kuanzia, si pale bunduki inapolia. Lilikuwa kosa, lakini watu walikuwa wachache, tulikuwa tunavuka baada ya dakika moja au mbili, na nilikuwa naacha dakika tano za akiba. Halikuwahi kunigharimu. Mwaka ule waandaaji walipokea watu mara mbili ya kawaida. Tulisukumana na kutaniana kwenye baridi, na tulipovuka mstari dakika saba zilikuwa zimekwenda. Nikawasha saa kama kawaida yangu.

Nyuma yangu walikuwa watu kumi na wanane. Tulikwenda vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Waliimba, walitania waliokuwa wakichechemea, Mme Nthofeela aliomba chumvi kwenye meza ya maji akailamba kama mbuzi, na hakuna nguzo hata moja tuliyoikosa. Kilomita ya thelathini na nane kulikuwa na gari la waamuzi lenye saa kubwa juu ya paa. Abiria hawakushughulika nayo, hesabu ni za dereva; mimi nikatazama yao, nikatazama yangu. Kwangu tulikuwa na saa tano na dakika ishirini. Kwao dakika zilikuwa ishirini na saba.

Hesabu nilizipiga kabla hatujalipita gari. Kwa nguzo nne kwa moja tutafika bunduki imeshalia, tumechelewa kama dakika mbili. Tukiacha kutembea, zaidi ya nusu yao wataingia, naye akiwemo, maana siku hiyo miguu yake ilikuwa mizima kuliko yangu. Ilibidi niseme tu, jamani, nimekosea saa, kimbieni. Maneno manne au matano.

Ila nilijua pia kitakachofuata. Watahamaki, watanishika, wataanza kuulizana nani abaki na nani aende, na mimi nitakuwa katikati yao na ile mara yangu ya kumi. Nimeishi kwa kujua wakati gani wa kunyamaza juu ya kasoro ya mlango.

Nikageuka nikasema, "Natangulia kidogo kuangalia saa ya waamuzi kule langoni. Endeleeni nguzo nne kwa moja, muda tunao."

"Nenda, ntate," Mme Nthofeela akasema. "Wimbo tutaushika sisi."

Nikakimbia. Sikugeuka nyuma, na nilifika nikiwa na dakika tatu na ushee mkononi. Mwanamke mmoja mwenye tabasamu alinivisha medali akanikabidhi bahasha yenye namba yangu nyekundu, 388, watu wakapiga makofi. Nikaenda kusimama kwenye uzio, ndani ya lango.

Nilianza kuwasikia kabla sijawaona. Walikuja wakiimba. Ilipobaki nguzo chache kwenye barabara iliyonyooka, mbele ya macho yangu, wakaacha kukimbia wakatembea nguzo moja, kwa utulivu kabisa, wakifutana jasho, kwa sababu dereva wao alisema muda upo. Mwamuzi akageuza mgongo. Walikuwa wanatembea bunduki ilipolia.

Hawakuelewa. Walianza kukimbia tena, wakaja mpaka kwenye mnyororo wa lango, wote kumi na wanane, wakasimama. Mme Nthofeela alinitafuta kwa macho akanipata. Akatazama medali, akatazama bahasha. Saa yangu sikuwa nimeisimamisha.

"Saa yako inasemaje, ntate?"

Nikamsomea. Saa tano, dakika hamsini na nne, sekunde arobaini.

"Kumbe tumewahi," akasema.

Hakuinua sauti. Mtu mmoja kwenye uzio alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha.

Klabu haikunifukuza. Ingekuwa nafuu. Jumanne iliyofuata nilisimama mahali pangu, na nyuma yangu hapakuwa na mtu. Ntate Phehello aliandika muda wangu ubaoni kama wa mtu yeyote. Nilikuwa na maelezo ya kutosha: umati, waandaaji, saa ya zamani. Yote ni ya kweli, na nimeuza bidhaa mbovu zaidi ya hiyo kwa bei nzuri, lakini safari hii mnunuzi alikuwa mimi peke yangu, naye hakuchukua. Vidonge vyangu vya presha nikaanza kuvifuata kliniki ya mbali, mwendo wa saa nzima, ili nisipite penye ule msumari. Niliwahi kupita mara moja, nikiwa nimejifunika blanketi mpaka kwenye masikio. Msumari ulikuwa mtupu, na nilisikia mgonjwa mmoja anamwuliza vile vile, wa nini huo. Sikusubiri jibu. Wale wawili waliokuwa wakizunguka ukuta sikuwaona.

Nilimpelekea katibu wa mbio namba ile kwenye bahasha yake. Akaniambia hairudishwi. Hata nikifa itabaki yangu.

Mwezi mmoja kabla ya mbio zilizofuata klabu ilimchagua Mme Nthofeela kuwa dereva. Siku hiyo nilikwenda kibandani mchana kweupe. Alikuwa anageuza magwinya kwa uma mrefu. Nikamwomba radhi, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea chenji. Nikamwomba nafasi kwenye basi.

"Utakaa nyuma kabisa," akasema. "Nyuma ya wa mwisho."

Nikakubali.

"Habari za muda hutazitaja. Hata ukiulizwa."

Nikakubali hilo pia. Kisha nikasema, nikidhani nampunguzia kazi, kwamba nitavaa koti juu ya namba ili isionekane.

Akaacha kugeuza. "Koti la nini? Utaivaa kifuani, ntate. Nyekundu yote. Uliitaka, si ndiyo?"

Nilijaribu kupatana. Nilisema nivae ya kawaida, nilisema nijiandikishe upya. Yeye aliendelea na kazi yake mpaka nikaishiwa. Nilitoka pale nikiwa nimelipa bei yote, kama mlango ule, na bawaba juu yake.

Yeyote aliyewahi kusimama kando ya mbio hizo anaijua rangi ile. Tangu kilomita ya kwanza mpaka ya mwisho, akina mama wenye machungwa, polisi wa barabarani, wazee kwenye viti vyao, kila mmoja akiiona ananyanyua mkono. Mara kumi, ntate. Heshima, ntate. Wengine waliwaonyesha wajukuu wao. Na watu ishirini na mmoja mbele yangu wakisikia kila neno, wakikimbia nguzo nne na kutembea moja, bila kugeuka. Sijawahi kupigwa makofi mengi hivyo, na sijui kama kuna kofi lililowahi kuniuma kuliko hayo. Kilomita ya thelathini na nane gari la waamuzi lilikuwa mahali pale pale. Mme Nthofeela hata hakulitazama. Saa yake ya plastiki aliiwasha bunduki ilipolia, tukiwa bado tumesimama gizani, akatuonyesha wote, mmoja mmoja, mimi wa mwisho.

Tuliingia tukiwa na dakika nne mkononi. Alisimama kando ya mstari akatuhesabu kwa kidole. Alipofika kwangu alisema ishirini na mbili, akaenda kuvishwa medali yake.

Sasa dawa nafuata kliniki ya hapa. Medali iko msumarini, tayari ina mafuta. Juzi nilikuwa nimesimama kibandani, mzee mmoja wa foleni ya presha aliyenitambua kwa ile namba akaniuliza mtu wa umri wetu anafikaje mara kumi na moja. Mme Nthofeela alikuwa amenipa mgongo, yuko na karai lake. Ningeweza kusema mazoezi. Nikamweleza ile ya kumi nilivyoipata: kwamba niliwadanganya watu kumi na wanane, kwamba walikuwa wanatembea nikiwatazama, kwamba saa yangu ilikuwa nyuma kwa dakika kama sita hivi.

"Saba, ntate," akasema Mme Nthofeela, bila kugeuka.

"Saba," nikasema.