Waridi na Gunia la Chumvi Yenye Mchanga

Mwaka 1953 hakuna aliyejua kutia samaki chumvi Kasongo kama Waridi. Samaki wake wa mto Lualaba walifika mpaka Kabambare bila kunuka, na wachimbaji wa dhahabu waliwaulizia kwa jina lake.

Masika hayo lori lilipinduka njiani na gunia la chumvi la shemeji yake Hemedi, mwenye duka, likapasuka. Watu walizoa kwa majembe, chumvi na mchanga pamoja. Hemedi alitaka kulitupa, akidai nusu yake ni mchanga mtupu. Lakini stima ya mtoni iletayo bidhaa ilikuwa imechelewa, chumvi nyingine hakuna, na uani kwa Waridi samaki wabichi walijaa vikapu vitatu.

Waridi hakubishana. Bibi yake wa Kabambare alimfundisha kupata chumvi kwenye majivu ya majani ya mtoni: maji huchukua chumvi, takataka hubaki. Akachota chumvi ile kidogo, akaenda zahanati kwa Zéphirin, muuguzi mwenye mizani ya dawa, akamwomba ampimie gramu mia tano kamili.

Zéphirin alipenda mambo ya hesabu, akafuatana naye mpaka jikoni. Waridi aliikoroga chumvi katika maji ya moto mpaka punje zikayeyuka, akachuja kwa kitambaa safi. Mchanga uliobaki akausuuza mara mbili, akauanika juani. Yale maji, pamoja na ya kusuuzia, akayachemsha taratibu mpaka yakakauka, chumvi ikabaki nyeupe kama unga wa muhogo.

Mchanga ulipokauka, wakapima. Mchanga, gramu tisini. Chumvi, mia nne na mbili. Zéphirin akakunja uso, kwa kuwa jumla ilipungua gramu nane.

“Mama, nane imepotea wapi?”

“Haikupotea, Muganga. Iko kwenye sufuria,” alisema Waridi, akaanza kukwangua kwa kijiko pembezoni.

Zikatoka gramu sita nyingine. Zilizobaki mbili Zéphirin alizisamehe, akaandika kwa chaki mlangoni: tisini gawanya kwa mia tano, zidisha kwa mia, mchanga kumi na nane kwa mia. Chumvi mia nne na nane, yaani themanini na moja na nukta sita kwa mia. Waridi hakujua kusoma, lakini alimfanya arudie hesabu mpaka akaielewa.

Hemedi alipoitwa aliisoma hesabu ile mlangoni.

“Basi shemeji, chukua gunia lote,” alisema. “Mimi unipatie samaki.”

Siku mbili nyumba nzima ilitoa mvuke, na chumvi ilivyotoka ndivyo Waridi alivyoitia samaki. Majirani walileta masufuria yao, wakacheka, wakaimba, na mwishowe gunia la kilo hamsini likawapa kilo arobaini na ushei za chumvi safi. Samaki wakaokoka wote. Waridi alibeba mchanga ule kwa karai, akausugulia masufuria ya jirani zake mpaka yakang'aa, kisha akalala kutwa nzima.