Mgeni Aliyemuulizia Marjorie

Winnie Helliwell alishona suruali za kodrai kiwandani katika mji wa Hebden Bridge, Uingereza, tangu usichana wake mpaka kiwanda kilipofungwa, na siri ya mtu haikuwahi kumponyoka. Sisi majirani tulimjua hivyo. Shoga yake Marjorie Uttley alipojifungua akiwa na miaka kumi na saba, bila ndoa, na mtoto wa kiume akachukuliwa kulelewa na watu wa mji wa Leeds, aliyejua ni Winnie peke yake. Hata Harold, aliyemwoa Marjorie baadaye, hakuambiwa.

Jumamosi moja ya Mei, miaka mingi baadaye, watalii wamejaa kwenye daraja la mawe, mwanamume wa makamo alimsimamisha Winnie.

"Samahani, mama. Namtafuta Marjorie Uttley. Alizaliwa hapa."

Winnie alimtazama. Kidevu kile kilikuwa cha Marjorie hasa. Akamfikiria Harold, mgonjwa wa moyo, kule nyumbani mlimani.

"Uttley? Walihama zamani hao. Umechelewa, mwanangu."

"Hakuna hata ndugu?"

"Hakuna."

Yule bwana alishukuru. Akanunua pai ya nyama, akaila amesimama huku anatazama mto, kisha akashika njia ya stesheni.

Harold alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Ndipo Winnie alipojikaza, akapanda kwa Marjorie kumweleza.

Marjorie aliweka birika chini. "Alikuwa amevaa vizuri?"

"Vizuri. Koti la buluu."

"Anakula lakini?"

"Kitambi anacho."

Marjorie akacheka, na kicheko kikageuka kilio. "We Winnie, we! Harold angenuna wiki moja, basi. Halafu angemburuta huyo mtoto kwenda kutazama raga."

"Nilidhani nakulinda, shoga."

"Najua. Ndiyo maana hata kukugombeza siwezi. Haya, anaitwa nani?"

Winnie aliinamisha kichwa. Hakuwa amemuuliza.

Walikwenda Leeds pamoja, wakazunguka ofisi zenye kumbukumbu za watoto waliotolewa kulelewa, wakarudi mikono mitupu. Kila Jumamosi Winnie alisimama darajani akikagua nyuso za wageni mpaka miguu ikamvimba. Yule bwana hakuonekana tena.

Chai waliendelea kunywa pamoja. Ila Marjorie, ambaye tangu ujana wao alizoea kusukuma mlango wa Winnie na kuingia, sasa alipiga hodi, akangoja nje mpaka afunguliwe.