Siku Mbuzi Walipomcheka Chui

Mjomba wangu Kapya alikuwa muuguzi wa serikali huko Kilwa yetu ya Kongo, ufukoni mwa ziwa Mweru, na watu wa huko walimpenda. Lakini hakutaka kuwa muuguzi, wala hakutaka Kilwa. Alitaka kazi ya kupasua wagonjwa, na kama hiyo haikupatikana, basi angalau akae karibu na mama yake mjini Elisabethville. Alikosa yote mawili. Nikiulizwa ni nani aliyemkosesha, simtaji Mbelgiji aliyetutawala wala shetani. Nataja kicheko, na mpaka leo kinanikera.

Sisi ni watu wa ukoo wa Mbuzi, wa upande wa Kasenga, na watani wetu ni ukoo wa Chui. Chui huingia nyumbani kwa Mbuzi bila kubisha hodi, humtukana mama mwenye nyumba, hukamata kuku na kuondoka naye, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Mbuzi naye hujibu kwa tusi kubwa zaidi. Na Chui akisema twende kulia, Mbuzi mwenye akili timamu hushika njia ya kushoto, maana tangu lini Chui akamtakia Mbuzi mema? Ndivyo utani unavyochezwa, na bibi yangu Mwansa, mama yake Kapya, aliucheza kuliko mtu yeyote mtaani Kamalondo.

Bibi alikuwa mjane. Aliuza samaki wakavu sokoni, na alikuwa na watoto wawili tu, Kapya na mama yangu Honorine. Chui wao alikuwa Mulenga, muuguzi wa siku nyingi katika hospitali ya Weusi, lopitalo kama tunavyoiita, aliyeishi ng'ambo ya barabara.

Mwaka wa 1946 Kapya alimaliza shule ya mapadri akiwa miongoni mwa wa kwanza, na padri akamwambia achague kati ya shule mbili za utabibu. Ya kwanza ilikuwa hapa hapa mjini. Unasoma miaka mitatu, jioni unarudi kula bukari, ugali wetu, kwa mama, mwishoni unakuwa muuguzi. Ya pili ilikuwa Leopoldville, au Léo kama watu walivyozoea kuiita, kwa treni mpaka Port-Francqui na kutoka hapo kwa meli ya mtoni. Miaka sita, na likizo ya kurudi nyumbani usiihesabu. Lakini huko ulitoka ukiwa msaidizi wa daktari, cheo cha juu kabisa ambacho Mkongo angeweza kupewa siku zile katika kazi hiyo, na msaidizi wa daktari aliruhusiwa kupasua.

Kapya alikuwa na sababu yake. Mwaka uliotangulia, jirani yao mmoja alishikwa na ngiri, akalia mpaka sauti ikakauka, na Kapya alikuwa mmoja wa waliombeba kwenda hospitali. Huko akapasuliwa, na baada ya muda akarudi kwa miguu yake mwenyewe, akiwa tayari kugombana na mkewe. Kapya akamtazama asimmalize. Tangu siku hiyo ukikaa naye ungesikia habari za kupasua tu, hata mezani, hata watu wakila utumbo.

Rafiki yake Mwaba, ambaye naye alipewa shule zote mbili, alichagua Leopoldville kabla padri hajamaliza kusema. Kapya alisitasita, na kilichomzuia ni mama yake. Nani angembebea magunia ya samaki? Akiugua je? Lakini hakumuuliza. Kwetu mtoto hamwulizi mama yake usoni, "Nikuache?" Anakaa karibu naye, anatega sikio, anangoja kusikia moyo wake unasema nini.

Basi Jumapili moja watu wa nyumbani walikuwa wamekaa uani wakila, na Mulenga akaingia kama kawaida yake. Akaketi kwenye mkeka wa bibi, akatwaa paja la kuku kutoka sahani ya bibi.

"Mbuzi," akasema, "uyu mutoto umutume Léo. Aende mbali kabisa. Njo nitakukula muzuri, bila muntu wa kunisumbua."

Watu wakacheka. Mulenga hakucheka. Aliweka lile paja chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Nasema kweli. Bale banasomaka hapa, habakae hapa. Miye niko naona ku lopitalo kila mwaka. Banabatuma mu pori, kwenye hakuna munganga. Bale ba Léo beko kidogo, njo lopitalo za mujini zinabakamata. Kama munataka mutoto akae karibu, mumutume mbali."

Mama yangu anasema hapo ndipo uani palipolipuka. Ukitaka mtoto akae karibu, umtume mbali! Mzee mmoja alipaliwa na bukari, ikabidi apigwe mgongoni. Bibi akasimama, akashika kiuno, akawageukia watu.

"Musikie chui! Anataka mutoto atoke, abakie na mama yake. Apana! Mutoto wangu hataenda fasi hata moya. Atabakia hapa na fimbo, kunichunga!"

Vigelegele vikapigwa. Kapya naye akacheka na wenzake, lakini sikio lake lilikuwa limepata lililokuwa likingoja. Mama hataki niende.

Mulenga alijaribu tena. Kesho yake alimkuta Kapya bombani akichota maji, akamshika mkono na kumwambia, "Kapya, miye siko nacheza." Kapya akamjibu kama alivyofunzwa tangu utotoni, "Leo chui iko na njaa sana," akajitwika ndoo yake. Mulenga angeweza kumtafuta mtu mwingine aseme kwa niaba yake, mtu wa ukoo wowote asiye Chui. Haikumjia akilini. Huwa namkasirikia kwa hilo, kisha nakumbuka kwamba katika kundi lile lote yeye peke yake ndiye aliyejaribu.

Kapya akamwambia padri kwamba anabaki mjini. Siku Mwaba aliposafiri, Kapya ndiye aliyembebea sanduku mpaka stesheni. Alirudi, akala matonge mawili, akasema tumbo linamuuma. Bibi akamchemshia majani.

Alisoma vizuri, wala hakuna aliyemlaumu kwa uvivu. Alipomaliza, akapelekwa Mitwaba. Bibi alidhani ni kwa muda, akamfungia samaki wachache tu wa njiani. Kutoka Mitwaba hawakumrudisha mjini, wakampeleka Kilwa. Akaoa huko, akazaa huko, na nyumbani alikuja pale tu aliporuhusiwa na barabara ilipokubali, na barabara ya Kilwa si ya kukubali ovyo.

Mvuvi mmoja aliletwa kwake ana ngiri iliyojinyonga. Kapya aliujua ugonjwa, akajua na mahali pa kukata. Hakuwa na ruhusa, wala mikono yake haikuwa imefunzwa. Akampakia kwenye lori la mfanyabiashara lililokuwa likienda mjini, akapanda naye, na kabla ya kufika kijiji cha Kasomeno lori likazama kwenye tope. Mvuvi alifia hapo, ameushika mkono wa mjomba wangu. Mjomba alimsimulia mama yangu habari hii mara moja tu, tena akiwa amemgeuzia mgongo.

Na Mwaba je? Mwaba alirudi kutoka Leopoldville akiwa msaidizi wa daktari, akapewa kazi katika hospitali ya hapa hapa mjini. Alikuwa mtu mwema, siwezi kumsema vibaya. Jioni akitoka kazini alipita sokoni na kumbebea bibi magunia yake mpaka nyumbani. Bibi alimwita mwanangu. Kapya alipopata habari hiyo alisema, "Muzuri," na kweli lilikuwa jambo zuri, na lilimchoma.

Mwaka wa 1956 bibi akapata uvimbe tumboni. Alipasuliwa, na Mwaba alikuwamo ndani akimsaidia daktari Mzungu. Mpaka Kapya anafika na lori kutoka Kilwa, bibi alikuwa amesharudi nyumbani, amekonda, anaagiza watu hiki na kile akiwa kitandani. Kapya alimsafisha kidonda kila asubuhi. Mshono ulikuwa safi. Aliutazama kila siku kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jioni ya mwisho ya likizo yake, wakiwa watatu tu, yeye, bibi na mama yangu, Kapya akashindwa kujizuia.

"Mama, miye nilibakiaka juu yako. Kama nilienda na Mwaba, ni miye ningekupasua."

Bibi akageuza kichwa kwenye mto. "Juu yangu? Nani alikwambiaka ubakie?"

"Weye, mama. Ile siku ya Mulenga. Ulisema siendi fasi hata moya."

"Lakini ile ilikuwa ya chui, tata, baba yangu! Ulitaka nimwambie chui nini? Nimupe mutoto wangu mbele ya bantu?" Akavuta pumzi, kwa sababu kidonda kilimuuma akisema sana. "Miye nilishaka kulia peke yangu, nikamaliza. Nikajisema, akikuya kuniomba ruhusa, nitamupa. Nikangoya. Haukuomba. Nikawaza, kumbe mutoto wangu hataki kwenda."

Mama yangu anasema alitamani mmoja wao apige kelele, atukane, avunje kitu. Hawakufanya hivyo. Kapya alikaa ukingoni mwa kitanda, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, akilia bila kujifuta, na bibi akimpapasa mgongo kama anamtuliza mtoto mchanga. Miaka kumi kila mmoja wao alikuwa amemsamehe mwenzake kosa ambalo halikuwapo.

Asubuhi lori likapiga honi barabarani. Kapya akaingia kuaga, mfuko begani. Bibi akamshika mkono wa shati.

"Kapya, bakia."

Mjomba akamtazama machoni, akitafuta kama mna mzaha.

"Leo siko nacheza," bibi akasema. "Bakia, tata."

"Banakataa, mama," Kapya akajibu. "Niliishaka kuomba serikali inirudishe mujini, banakataa." Akautoa mkono wa mama yake kwenye shati taratibu, akaenda kupanda lori.