Beki Kwanza, Straika Baadaye

Niliporudi nyumbani kutoka Mwanza, Nyakasimbi ilikuwa imeshika mkia katika kombe la kata, na mimi nililichukua jambo hilo kama tusi nililotukanwa mwenyewe. Niliondoka hapa sina kitu. Mwanza nilibeba mizigo mchana na kusoma jioni mpaka nikapata stashahada ya ununuzi na ugavi. Nikarudi na pikipiki yangu, nikajenga nyumba ya bati la rangi, nikafungua duka la vifaa vya ujenzi mjini Kayanga. Hakuna aliyenishika mkono. Mtu wa namna hiyo hawezi kukaa akitazama timu ya kwao ikifungwa na kila anayepita.

Na kukaa kwenyewe kulikuwa kumenishinda. Asubuhi nilikuwa Kayanga dukani, mchana Nyakasimbi, alasiri nimesharudi Kayanga kutazama mabasi yakipakia, ingawa sikuwa na safari. Begi langu lilikuwa bado nyuma ya mlango, sijamaliza kulitoa nguo. Mke wangu, aliyebaki Mwanza na duka letu la kwanza, alinipigia simu karibu kila jioni.

"Unarudi, au umeoa huko?"

"Ngoja kombe liishe," nilimjibu.

Kombe lenyewe lilikuwa na utaratibu mpya. Mfadhili wake, mfanyabiashara mmoja wa kahawa, alichoka kuona timu zenye uwezo zikikodi wachezaji kutoka Bukoba. Akaweka sharti: kila kijana wa wilaya za Karagwe na Kyerwa anayetaka kucheza ajiandikishe, kisha kata zichague mchezaji mmoja mmoja kwa zamu, na iliyoshika mkia ianze. Kwa hiyo aibu yetu ikageuka mtaji. Nyakasimbi ndiyo ingechagua kabla ya wote, na kamati, baada ya kunisikia nikizungumza wiki nzima, ikaniachia mimi kazi ya kuchagua.

Msimamo wangu nilikuwa nao tangu zamani na sijaubadilisha. Ukiwa na nafasi ya kwanza, chukua beki wa kati. Mastraika ni wengi kama senene msimu wa mvua. Kila kijana anataka kufunga, hata yule asiyejua kufunga kamba za viatu. Lakini kijana anayeuona mpira ukimjia, watu wakipiga kelele nyuma yake, naye akatulia, huyo humpati kila siku. Nilisoma ugavi, najua: kinachopatikana kila duka hakinunuliwi kwanza. Na hata asiyesoma, kama ana mgomba nyumbani, anajua kwamba mkungu mkubwa usiowekewa mti wa kuuegemeza utaangusha mgomba wote. Watu husifu mkungu. Mimi hutazama ule mti.

Siku ya kuchagua tulikusanyika katika darasa la shule moja pale Kayanga. Mwenyekiti wetu, mwenye bucha, mtu mnene wa maneno mengi, alikuwa ameketi ubavuni pangu. Wote walijua jina linalongojewa: straika mmoja wa kata ya Kibingo, kijana mwepesi, mguu wake wa kushoto ulikuwa unazungumzwa mpaka kanisani. Nikasimama, nikamtaja beki, fundi ujenzi wa kwetu Nyakasimbi, mrefu, mpole, ambaye hununua saruji dukani kwangu.

Darasa likacheka. Mwenyekiti alinivuta koti.

"Bwana Stashahada, mbuzi amenona yuko mbele yako, wewe unachukua kamba?"

"Mbuzi asiye na kamba ni wa jirani, mwenyekiti."

"Haya. Jirani ndiye huyo anasimama."

Kweli, Kibingo walikuwa wa pili, wakamchukua kijana wao huku wakipiga vigelegele. Damu ikanipanda. Nikasema mbele ya wote kwamba Nyakasimbi isipofika fainali naacha kuchagua timu, na mdomo wangu naufunga. Mwenyekiti akasema maneno hayo yangefaa kuandikwa ukutani.

Nilichukua beki, kisha kiungo mkabaji, kisha kipa. Straika nilimchukua wakati wengine wanasinzia. Na tulianza kushinda. Tulishinda vibaya, bao moja, mara nyingine la kona, watu wakilalamika kwamba mpira wetu unachosha, lakini hatukufungwa. Fundi yule alikuwa anasimama pale kati kama amepandwa. Sikuweza kuketi mechi hata moja. Nilitembea kando ya mstari kutoka kona hadi kona, mpaka mshika kibendera akaniuliza kama nami nalipwa.

Tukafika nusu fainali. Wapinzani wakawa Kibingo.

Siku moja kabla ya mechi fundi alikuja dukani. Hakuulizia saruji. Alisimama akizungusha kofia mikononi.

"Kaka mkubwa, kesho naomba niwe benchi."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Yule straika wao ni shemeji yangu. Yaani, atakuwa. Barua ya posa tumeshapeleka kwao, tunangoja kuitwa."

"Sasa?"

"Sasa nitamwangushaje mtu ambaye namwomba dada yake?"

"Humwangushi. Unamnyang'anya mpira."

"Wao wataona tofauti? Baba yake mdogo ndiye msemaji wa ukoo. Leo tumekutana njiani, akaniambia, 'Kesho tutaona adabu yako.' Kaka, mimi baba yangu alishafariki. Sina wa kunisemea pale. Wakikataa, wamekataa."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti buchani kumuuliza kama alilijua jambo hilo. Alikuwa anapasua mbavu, hakusimamisha hata shoka.

"Nyakasimbi nzima inajua. Tulidhani na wewe unajua. Si unajua kila kitu?"

Kumweka benchi kungekuwa kukubali kwamba chaguo langu la kwanza halifai katika mechi anayohitajika. Nilimpanga. Nilimwambia mpira ni mpira, na jioni kila mtu atarudi kwenye mambo yake.

Mechi ilichezwa Kayanga, siku ya soko, watu wamejaa mpaka kwenye migomba ya nyuma ya goli. Fundi alicheza kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni. Straika akija, yeye anampisha. Akipokea mpira, anamtazama usoni badala ya kutazama miguu. Kabla ya mapumziko yule kijana alimpita tena, hakuguswa hata na upepo, akafunga kwa mguu ule ule wa kushoto.

"Mtoe," mwenyekiti alisema tulipokusanyika. "Mtoe sasa hivi, tuokoe jahazi."

Fundi alikuwa ameketi chini, kichwa kati ya magoti. Nilimtazama. Kumtoa ilikuwa rahisi. Lakini nilijua kwamba hata nikimtoa, watu wa Kibingo walishamwona jinsi alivyo anapoogopa, na mimi ndiye niliyempanga. Miguu yangu haikungoja. Nilivuka uwanja kwenda upande wao.

Baba mdogo aliketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, amevaa koti, wazee wenzake wamemzunguka. Nilichuchumaa mbele yake, na suruali yangu nzuri ikashika vumbi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe si yule wa duka la bati?"

"Ndimi, waitu," nikamjibu kwa heshima ya kwetu.

"Mnafungwa."

"Tunafungwa kwa sababu beki wangu ana adabu. Nimekuja kumwombea ruhusa amkabe kijana wenu. Kwa mpira tu."

Wazee wakacheka. Yeye hakucheka.

"Unamwombea kama nani wake?"

Sikuwa kaka, sikuwa mjomba, hata jirani wa karibu sikuwa. Nikasema kile nilichokuwa nacho:

"Mimi ndiye niliyemchagua kwanza. Kabla ya kijana wenu, kabla ya wote."

Aliwageukia wenzake, wakasemezana chinichini kwa Kinyambo, lugha yetu. Kisha akaniinamia.

"Barua yao ilikuja haina mtu wa kuisimamia. Basi aliyemchagua aje kumsemea. Tutawaita tukishavuna kahawa, na nikuone wewe, usituletee mwingine. Kuhusu leo, mwambie acheze. Akimvunja mguu kijana wangu, wewe utalima shamba lake."

Kahawa ikivunwa mimi nilipaswa kuwa Mwanza. Lakini mwamuzi alikuwa ameshapuliza filimbi, na nikasema, "Nitakuja, waitu," nikakimbia.

Nilimwambia fundi amepewa ruhusa. Aliniuliza mara mbili. Kisha mpira wa kwanza uliomfikia yule straika, fundi aliuchukua mpira mtupu, mguu hakuugusa, na kijana akaviringika kwenye nyasi. Akainuka akijipangusa.

"Shemeji, umeamka?"

"Nimetumwa na baba yako mdogo!"

Kibingo ndio waliocheka zaidi. Tangu hapo kijana yule hakupiga shuti tena. Nasema hivi kwa wanaojua mpira: hakupiga. Lakini na sisi hatukurudisha. Straika wetu alibaki na kipa peke yao, akapaisha mpira mpaka kwenye migomba, na tukatoka na bao lile lile moja.

Mwenyekiti alinisubiri kwenye pikipiki.

"Kamba unayo, Bwana Stashahada. Mbuzi yuko wapi?"

Niliacha kuchagua timu, kwa sababu nilikuwa nimesema. Mwaka huu mwenyekiti amechagua straika kwanza, na wanafungwa mabao matatu matatu. Sisemi kitu. Nilisema nitafunga mdomo.

Mke wangu aliponiuliza tena, nilimwambia kombe limeisha ila nina timu nyingine ya kupanga. Watu walinishauri msafara wa posa nianze na mwenye bucha, kwa ulimi wake. Nilianza na shangazi wa fundi, mjane anayeweza kutukanwa mpaka jioni bila kupepesa jicho. Mwenye bucha nilimchukua mwisho, nikamwambia aingie tukizidiwa. Koti langu lilikuwa chini kabisa ya lile begi, ikabidi nitoe nguo zote ili nilipate, na zikabaki kabatini.

Tulifika Kibingo mapema mno, kwa sababu yangu. Migomba ilikuwa bado na umande na wenyeji walikuwa bado wanapanga viti. Baba mdogo alitoka, akatutazama mmoja mmoja, akaishia kwangu.

"Faini ya kwanza. Mmefika kabla ya kuitwa ndani. Mna haraka ya kwenda wapi?"

Nilikuwa na jibu, zuri, tena refu. Shangazi akanivuta koti. Nyuma yetu fundi alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Hatuna haraka, waitu," nikasema, nikaketi.